Siku Tatu Watamu: Watoto Wetu na Maji



Wapenzi wasomaji, sisi tunaoishi Kampala ni watu wa majini ingawa mara nyingi tunajisahau. Macho yetu yamezoea vilima, vumbi na foleni za magari, lakini ziwa liko pale pale nyuma ya Ggaba na Port Bell, na mukene na sangara tunaowala wanatoka humo. Karibu kila familia ina habari yake ya maji. Wazee wanakumbuka Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Vijana wanakumbuka Novemba 2018, boti ya matembezi ilipozama upande wa Mukono na kuchukua roho za watu zaidi ya 30. Hizo ni zile kubwa zinazotangazwa redioni. Ziko nyingine ndogo ndogo ambazo hutangazwa msikitini tu, siku ya jeneza: mtoto mmoja, alasiri moja, basi.

Familia yetu ilifikwa na msiba wa namna hiyo mwaka 2013. Ilikuwa siku ya Idi. Kama mjuavyo, siku za Idi vijana wetu wakishasali na kula pilau hujaa kwenye fukwe za ziwa kuanzia Ggaba hadi Entebbe. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 13, alikwenda na wenzake na hakurudi. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Tangu siku hiyo wifi yangu, yaani mama yake, alipiga marufuku maji. Watoto waliobaki hawakuruhusiwa kwenda ufukoni, wala kwenye bwawa la kuogelea la shule, wala kupanda mtumbwi. Binti yake wa mwisho, aliyekuwa na miaka 4 wakati huo, amekua bila ya kuingia katika maji yanayozidi beseni la kuogea. Hakuna ndugu aliyethubutu kumwambia wifi neno. Mimi ni shangazi wa binti huyo, na wasomaji wa Buganda mnajua uzito wa kuwa ssenga, lakini katika jambo hili hata mimi nilinyamaza. Nimemwomba wifi ruhusa niandike haya naye amekubali, kwa sharti nisitaje jina la mtu.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyofika baharini. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mfanyakazi wa reli. Tulikulia katika nyumba za reli pale Nsambya, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uani, maana majirani walitoka kila upande. Baba alipenda kutuambia kwamba reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, na kwamba siku moja atatupeleka tukaone mahali inapoanzia. Hakuwahi. Basi wiki ya pili ya Desemba 2024, shule zilipofungwa, tuliamua kutimiza ahadi yake. Tulikuwa wanane: mume wangu na mimi, wanetu wawili wa kiume wa miaka 12 na 9, mama mkwe wangu ambaye sote tunamwita Hajati, wifi yangu na binti yake mwenye miaka 15, na jirani yetu mmoja anayefundisha madrasa, ambaye watoto humwita Mwalimu. Kaka yangu alibaki dukani. Tuliweka akiba kidogo kidogo kwa karibu miaka miwili.

Tulipanda basi la jioni, tukavuka mpaka wa Busia usiku kwa vitambulisho vyetu vya taifa, na asubuhi tukawa Nairobi. Kutoka Nairobi tulishika treni ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Watoto walikaa dirishani wakahesabu tembo wa Tsavo, wekundu kwa udongo wa huko. Mombasa tulikaa kwa jamaa wa Mwalimu, tukaiona Fort Jesus iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, tukala mahamri na mbaazi mpaka Hajati akasema amesahau ladha ya matooke. Mpango ulikuwa kuendelea hadi Lamu. Lakini magoti ya Hajati yalikwisha kuvimba kwa safari ya basi, na mume wangu akaona afadhali tupumzike siku tatu katikati ya njia. Ndipo tukapata nyumba ndogo Watamu, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Wifi alikubali kwa neno moja tu: "Nyinyi mtakwenda pwani, mimi na mwanangu tutakaa uani."

Tulifika Jumapili, tarehe 15 Desemba, alasiri. Mwenyeji wetu alikuwa mama wa Kibajuni wa makamo, mjane, anayeangalia nyumba ile na kupika kwa wageni. Alitupokea kwa maji ya madafu na maneno mengi. Kiswahili chetu kilimchekesha. Tulipomwambia "tumekuja na basi" alituuliza basi hilo tumeliweka wapi. Lakini alikuwa mpole, na kabla ya Magharibi tulikwisha kumwita Mama Mwenyeji kama tuliyemjua siku zote.

Bahari siku hiyo ilikuwa imejaa hasa. Mawimbi yalipiga karibu na miti, na sauti yake ilisikika mpaka chumbani. Wanangu walikimbia nje na baba yao. Binti wa kaka yangu alisimama kwenye mlango wa ua, mkono juu ya komeo, akiangalia. Mama yake alikuwa nyuma yake akikunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa. Usiku ule wifi alilala upande wa mlango.

Asubuhi ya Jumatatu, kama saa nne hivi, mwanangu mdogo aliingia mbio akipiga kelele: "Mama! Maji yameibiwa!" Tulitoka sote kuangalia, hata wifi. Kweli, bahari haikuwapo. Pale palipokuwa na mawimbi jana palikuwa na mchanga, mawe meusi, majani ya baharini na vidimbwi vinavyong'aa, na maji yenyewe yalikuwa mstari mweupe kule mbali kwenye mwamba wa matumbawe. Wanawake wa kijiji walikuwa wakitembea chini ya bahari na fimbo zao wakitafuta pweza kwenye matundu ya mawe.

Ndugu zangu, lazima mkumbuke kwamba sisi ni watu wa ziwa. Ziwa letu lina dhoruba zake, lakini haliondoki mchana likarudi jioni. Watoto hawakuelewa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma habari hizi shuleni tu. Aliyetueleza ni Hajati. Miaka kadhaa nyuma alipelekwa India kutibiwa, na siku moja kabla ya kurudi wanawe walimpeleka Mumbai kuona Haji Ali, lile kaburi na msikiti uliojengwa juu ya kisiwa kidogo mwaka 1431. Njia ya kufika huko ni ukuta mwembamba katikati ya bahari. Maji yakipwa watu hupita kwa miguu kwa maelfu, na yakijaa njia hufunikwa. Hajati alisema, "Nilikaa kwenye jiwe na wenzangu, nikaiona njia inazama kidogo kidogo mpaka ikawa kama haikuwahi kuwapo. Nikauliza itakuwaje kwa walio ng'ambo. Wakaniambia, watangoja." Akaelekeza fimbo yake upande wa mashariki. "Na bahari yenyewe ndiyo hii hii. Ukienda moja kwa moja, unafika kule."

Mama Mwenyeji alifurahi kusikia hivyo. Alituambia wao huhesabu maji kwa mwezi. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa karibu saa nzima kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti yake huko hupita mita 3. Katikati yake ni maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali. Sisi tulifika mwezi ukiwa mpevu. Aliongeza kwamba Desemba ni wakati wa kaskazi, upepo uleule ulioleta majahazi ya Bara Hindi na Arabuni tangu zamani. Mume wangu naye akawakumbusha watoto kwamba pale Malindi, jirani tu, ndipo Vasco da Gama alipopata rubani wa kumvusha hadi Calicut mwaka 1498. Mreno yule hakuwa na njia, njia ilikuwa ya wenyeji.

Basi ikawa jambo ambalo sikulitarajia. Binti hakumwomba mama yake kuingia majini. Alimwambia tu, "Mama, maji hayapo. Naomba nitembee." Wifi aliangalia mchanga ule, akaangalia mstari mweupe wa mbali. Akauliza, "Yanarudi saa ngapi?" Mama Mwenyeji akajibu kwa utulivu, "Sasa hivi yako mwisho wa kupwa. Yakianza kuja nitakwambia mimi. Nimezaliwa hapa." Wifi akavua viatu.

Walitembea wawili, mama amemshika binti kiganja kama mtoto wa miaka minne. Tuliwafuata kwa nyuma. Kwenye vidimbwi tuliona samaki wadogo wa rangi, nyota za baharini, na majongoo ya bahari ambayo Mwalimu alikataa kuyagusa. Mwalimu tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na pwani kwa sababu ya watalii na mavazi yao, lakini upande ule wa kijiji hapakuwa na hoteli, na wanawake waliokuwa mwambani walijisitiri kama yeye. Alitulia. Mama Mwenyeji alituonya tusikanyage matumbawe wala tusichukue chochote, kwani bahari ya Watamu ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Saa tano na nusu hivi alisimama, akatazama miguuni, akasema, "Haya, maji yaja." Sisi hatukuona kitu. Dakika chache baadaye vidimbwi vilianza kuungana. Tulirudi bila haraka, na wifi alikuwa wa mwisho kupanda mchangani. Aligeuka mara mbili kuangalia nyuma.

Mchana ule tulikwenda Gede, mji wa kale wa Waswahili ulio msituni, kilomita chache tu. Mwaka uleule wa 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mna msikiti mkuu, jumba la mfalme, makaburi, moja likiwa na tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Katika nyumba zake zilichimbuliwa bidhaa kutoka China na nchi nyingine za mbali. Mji ulihamwa karne ya 17. Wataalamu wanataja sababu kadhaa, vita na maradhi, na mojawapo ni kwamba maji ya visima yalishuka. Mwongozo alituonyesha kisima kilichochimbwa zaidi kufuata maji. Wifi aliinama kidogo juu ya ukingo, akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Kwa hiyo wao waliondoka kwa kukosa maji."

Usiku tulikaa barazani. Mwezi ulikuwa mkubwa, na watoto walikuwa wamelala, au tulidhani wamelala. Mama Mwenyeji alileta kahawa na mabuyu. Akamwuliza wifi bila ya kuzunguka, kama wazee wa pwani wanavyoweza: "Mwanangu, maji yalikutenda nini?" Miaka 11 nimekaa na wifi katika msiba ule na sikuwahi kusikia akiusimulia wote. Usiku ule aliusimulia. Kijana wake hakuwa mtukutu, alisema. Alikaa ukingoni na viatu vyake mkononi. Rafiki yake alipoanza kuzama, yeye akamfuata kumshika mkono. Hakujua kuogelea, na rafiki hakujua. Wavuvi walifika na mtumbwi, wakamwahi rafiki. Wakamkosa yeye.

Mama Mwenyeji alinyamaza muda. Kisha akasema pole, na akamwombea dua. Baadaye, alipokuwa anakusanya vikombe, alisema jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa. Huko kwao, alisema, mtoto huambiwa mapema: anayezama usimfuate kwa mikono, atakushika shingo mzame wote wawili. Mtupie kitu. Kamba, kasia, dumu tupu, hata mtandio. Na wewe mwenyewe ukichukuliwa na mkondo usipigane nao. Lala chali, uelee, upumue, uende upande upande mpaka ukuachie. Mumewe alikuwa mvuvi, akawafundisha watoto wao wote, wa kike na wa kiume, kabla ya kuwapeleka chuoni.

Wifi aliuliza kwa sauti ndogo, "Dumu tupu?" Mama Mwenyeji akajibu, "Dumu tupu lililofungwa kizibo. Linamwelesha mtu mzima."

Nawaomba mfikirie neno hilo kwa mama yule. Kampala hakuna nyumba isiyo na jerikeni. Tunazo jikoni, tunazo uani, watoto wetu wanazibeba kila asubuhi. Pale ufukoni siku ile ya Idi, zilikuwapo. Hakulia. Aliingia ndani, na mimi nikabaki nje na Hajati, na hatukuwa na la kusema.

Jumanne alfajiri baada ya sala nilisikia sauti chumbani. Wifi alikuwa anamwamsha binti yake. Alikuwa ametoa suruali ndefu na shati refu, na alikuwa ameketi kitandani na sindano na uzi, akishona mtandio usije ukafunguka. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema, "Wifi, nilidhani nikimficha maji, maji nayo hayatamjua." Akakata uzi kwa meno. "Leo aende akafundishwe. Lakini nitakuwapo."

Karibu saa nne unusu, maji yakiwa bado yanapwa, Mama Mwenyeji alitupeleka kwenye kidimbwi kimoja kikubwa kati ya miamba, chenye mchanga chini na maji ya kifuani. Bahari ilikuwa mbali. Mume wangu aliwachukua wavulana upande mwingine, wakabaki wanawake watupu. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwa binti yule kidimbwi kile kilikuwa bahari kamili. Alitetemeka kabla hata hajalowa. Somo la kwanza halikuwa kuogelea, lilikuwa kuelea chali: masikio ndani ya maji, tumbo juu, mikono wazi, macho mbinguni. Kila alipolegea kidogo aliogopa na kujikunja, akameza maji ya chumvi. Mara tano, mara sita. Mama Mwenyeji akasema mtoto haamini mkono wa mgeni.

Hapo wifi aliingia. Aliingia na nguo zake zote, maji yakamfika tumboni, uso wake umekuwa wa kijivu. Mama Mwenyeji alimshika mkono mmoja. Ule mwingine aliuweka chini ya kichwa cha mwanawe. Sijui walikaa hivyo muda gani. Niliona tu vidole vya miguu ya binti vikitokeza juu ya maji, kisha magoti, kisha akawa amelala juu ya maji kama mtu aliyelala kwenye mkeka. Mama yake aliuondoa mkono, akauacha palepale, shubiri moja chini. Binti hakujua kwamba umeondoka. Mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe na mwavuli, alisema "Subhanallah" kwa sauti ya juu mpaka akawashtua samaki.

Jioni maji yalipojaa tena, binti aliyaangalia kutoka kwenye mchanga, na hakuomba kuingia. Mama Mwenyeji alimsifu kwa hilo kuliko alivyomsifu kwa kuelea. Alisema aliyejifunza leo asubuhi ndiye bahari inayempenda zaidi, na maji usiyoyafika hujui wingi wake. Jumatano tulimuaga tukaenda Lamu, na safari yetu iliendelea salama hadi tuliporudi nyumbani, alhamdulillah. Habari za Lamu zinahitaji siku yake.

Nimeandika haya kwa sababu ya familia zetu. Wazazi wengi wa Kiislamu hapa kwetu hawapeleki watoto kujifunza kuogelea, na wasichana ndio wanaokosa zaidi. Wengine huogopa maji, wengine huogopa mavazi na mchanganyiko. Hofu zote mbili ninazielewa, lakini zina njia. Kuna kauli mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar (R.A.) kuhusu kuwafundisha watoto kuogelea pamoja na kulenga shabaha na kupanda farasi. Na mfano hai uko Zanzibar. Mwaka 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi na zaidi ya watu 200 wakafa. Pale pale Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima. Picha zao, zilizopigwa na Mmarekani Anna Boyiazis, zilishinda tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya 2018. Ukiziangalia utaona mabinti waliojisitiri, wanaelea, wanacheka. Dini yao iko salama na roho zao ziko salama zaidi.

Yaliyotokea baadaye kwetu ni haya. Tangu Januari 2025 binti wa kaka yangu na wasichana wengine wa mtaa wetu walianza kwenda bwawani kila Jumapili asubuhi mapema, na mwalimu wa kike. Ada tuligawana. Wifi hukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni na huwahesabu wanapoingia na wanapotoka, jambo ambalo mwalimu yule amelikubali kuwa kazi rasmi. Binti sasa anavuka bwawa kwa upana wake na hana haraka ya kuvuka urefu.

Kisha ikaja Idi al-Fitri, mwishoni mwa Machi mwaka huohuo. Tulijua vijana watakwenda ziwani, iwe tumewaruhusu au hatujawaruhusu. Akina mama wa darasa letu walikubaliana kwamba kila kundi la watoto litafuatana na mtu mzima, na kila kundi litachukua jerikeni moja tupu iliyofungwa kizibo, yenye kamba ndefu mkononi mwake. Hakuna atakayepanda boti bila ya jaketi la kuokolea. Na kila mtoto arudie kwa mdomo wake kabla ya kutoka: anayezama usimfuate, mtupie, uite watu.

Kamba alizifunga wifi. Alikaa ukumbini usiku wa kuamkia Idi, jerikeni sita za lita 20 zimemzunguka, akivuta kila fundo kwa mguu kulijaribu. Ziwani hakwenda. Bado hajaweza, na sisi hatumhimizi. Binti yake alikwenda, akiwa na jerikeni ya kwanza begani na mimi pembeni yake. Jioni tulizirudisha zote sita zikiwa kavu, na wifi akazipokea mlangoni moja moja, akazihesabu, kisha akatukaribisha chakula.

Nawaombeni, kabla ya Idi ijayo, kila nyumba ifunge yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.